Mashua Moja na Mama Mkwe

Juzi mjini Kisii niliingia ofisi ya safari kukwepa mvua. Kwenye kaunta, kijana mwenye darubini mpya shingoni alikuwa anapanga kwenda visiwa vya mbali ziwani kutazama ndege na viboko, yeye, mkewe na mama mkwe.

"Mashua ni moja, tena ndogo," karani akasema. "Mtakaa magoti kwa magoti."

Kijana akaivua darubini, akaiweka kwenye kaunta. "Basi kama mama yumo, mimi siendi."

"Kwani mama anauma?" karani akauliza.

Karani hakuwa wa huku. Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakai karibu, hata macho hayakutani. Mama mwenyewe alikuwa pale mlangoni, amegeukia ukuta. Akamwambia bintiye aliyesimama kando ya mumewe, "Mwambie mzee wako akae nyuma, atazame nyuma. Mimi nitakaa mbele, nitazame mbele. Ndege wako pande zote."

Kijana, macho darini, akamwambia mkewe, "Mwambie mama asante." Darubini ikarudi shingoni.

Watu wanasafiri mbali kutazama viumbe wanaokimbia macho ya watu. Mimi niliwaona wawili bure, na mvua ilikuwa bado haijakatika.