Miaka ya Kumkomboa Bibi

Nilipofikia umri wa kubeba mtungi bila kumwaga, nilidhani watu wote wa Rumonge wanaishi kama sisi. Nilidhani kila mama huyeyusha chumvi ndani ya kibuyu cha maji, akaitia mchuzini kwa matone. Nilidhani pia kila baba aliyeacha tumbaku husimama upande unakoelekea upepo kila apitapo mtu mwenye kiko. Siku moja nilimwuliza baba mbona amekaa nyuma ya jirani yetu muda mrefu vile.

"Ninavuta," akasema huku akicheka. "Yeye anachoma, mimi ninavuta. Sote tumefurahi."

Zilikuwa zama za Mdachi. Boma lilikuwa Usumbura, mwendo wa siku kadhaa kuelekea kaskazini, nasi watu wa Kiswahili tulikuwa wachache pale ufukweni, katikati ya Warundi walioshuka milimani na ndizi na maharage yao. Baba alikuwa mtengenezaji wa mawese. Alinunua mikungu ya chikichi kutoka vijiji vya Minago na Kizuka, akazichemsha chikichi, akazitwanga na kuzikamua, na mafuta yale mekundu akawauzia wenye mitumbwi waliokwenda Ujiji. Mafuta ya juu, safi, yalikuwa ya kuuza. Ya chini, yenye machicha, yalikuwa yetu. Mama aliyachanganya na majivu ya maganda ya ndizi akapika sabuni nyeusi, na makumbi yaliyobaki baada ya kukamua yakawa ya kuwashia moto. Mpaka leo sijaonja sombe, yale majani ya muhogo ya kutwanga, tamu kama ile iliyopikwa kwa yale mafuta ya chini.

Sababu ya maisha yale ilikuwa bibi yangu, mama yake baba. Baba alizaliwa utumwani Ujiji. Bwana wake aliugua wakiwa safarini Manyema, ng'ambo ya ziwa, baba akambeba mgongoni mpaka ziwani, na alipopona akamwacha huru. Lakini uhuru ule ulikuwa wa baba peke yake. Mama yake alibaki nyumbani kwa bwana. Serikali ya Mdachi haikuwa imeondoa utumwa. Iliruhusu tu mtumwa akombolewe kwa fedha, kisha boma likamwandikia cheti. Bwana alipoulizwa bei, akataja rupia arobaini.

Kwa mkamua mawese, rupia arobaini ilikuwa safari ndefu. Mama yangu ndiye aliyeifanya isichoshe. Yeye alikuwa hajamwona mama mkwe wake hata siku moja, alimjua kwa maneno ya mumewe tu, na bado nilimsikia akisema, "Mama akija atalala upande huu, penye joto."

Siku za ugali na majani matupu, mama hakutulisha jikoni. Alitandika mkeka mzuri, ule wa wageni, chini ya michikichi karibu na maji, akatuvisha nguo za Ijumaa mimi na mdogo wangu, akatuwekea kile chakula kama karamu. Tulikuwa tukimwomba: "Mama, leo tule majani!" Ijumaa alitudondoshea punje chache za chumvi viganjani, tukazilamba polepole kwa ncha ya ulimi, tukishindana nani atamaliza wa mwisho. Nguo ya baba ikichakaa iligeuka shuka langu, shuka langu likawa kilemba cha mdogo wangu, na kilemba kikaishia kuwa utambi wa taa. Ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu, tuliwaanika juani. Wazima waliuzwa, waliovunjika tukawala sisi. Mama alisema waliovunjika ndio walioiva vizuri, nami nilimwamini.

Mwaka mmoja alipita mchuuzi wa shanga. Wasichana wenzangu walinunuliwa, nami nikatamani uzi mmoja wa buluu. Nilimwendea mama nikitegemea kukatazwa. Hakunikataza.

"Fedha iko," akasema. "Ukichukua shanga, bibi atachelewa kidogo. Usipochukua, atawahi kidogo. Chagua wewe."

Niligeuka nikamtazama mchuuzi. Kisha nikachagua shanga.

Mama alilipa bila kukunja uso, akanifunga ule uzi shingoni mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja kunitazama. "Zimekupendeza," akasema. Hakulitaja tena jambo lile. Mimi ndiye niliyelala nalo siku nyingi.

Kiangazi cha mwaka wa nne fedha ikatimia. Baba alizifunga rupia kiunoni ndani ya kitambaa, akapanda mtumbwi wa wafanyabiashara. Tulikaa siku kumi na mbili bila habari. Siku ya kumi na tatu, jua likiwa utosini, tuliitwa ufukweni.

Bibi alikuwa mfupi kuliko nilivyomwaza. Alikuwa amejifunga kaniki, na kifurushi chake kilikuwa kichwani ingawa alikuwa amekaa mtumbwini, kana kwamba hakuna aliyemwambia anaweza kukishusha. Baba alimshika mkono akamteremsha majini. Mama akapiga goti mchangani.

"Shikamoo, mama."

Wakati uleule bibi naye aliinama. "Shikamoo, bibi," akamwambia mama yangu, kama mtumwa anavyomsalimu mwanamke mwenye nyumba.

Shikamoo mbili zikagongana, asipatikane wa kuitikia marahaba. Watu waliokuwa wakianika nyavu wakacheka. Mama hakucheka. Aliinuka, akachukua kile kifurushi, akatembea mbele yetu bila kugeuka, nami niliona mabega yake yanatikisika.

Siku ile tulichinja kuku, tukapika wali. Bibi alikataa kukaa mkekani. Alichukua sehemu yake, akaenda kuketi kizingitini, uso nje, akala haraka. Baba alimwita mara mbili. Mara ya tatu mama akamzuia kwa mkono. Alibeba sinia lote na wali wake, akaenda kuketi kizingitini karibu na bibi, akatuita na sisi. Tukabanana pale mlangoni watu watano, magoti yamegusana, jua linatuchoma. Tulikula hivyo kwa majuma mengi. Wapita njia walitusalimu kwa Kirundi, "Amahoro!" huku wakishangaa mbona watu wa nyumba ile wanakula mlangoni na ndani kuna nafasi.

Cheti cha boma, karatasi yenye mhuri, baba alikihifadhi ndani ya kipande cha mwanzi. Alimpa bibi. Bibi alikipokea kwa mikono miwili, akauliza akiweke wapi. Baba akamwambia ni chake, akiweke anapotaka. Akamrudishia baba. "Niwekee wewe," akasema.

Kazi tulishindwa kumzuia. Tuliamka tukakuta uwanja umefagiwa na maji yamejaa. Mama akimwambia apumzike, hujibu, "Nimepumzika, mwanangu. Hii ni kuosha tu." Aliosha vilivyokwisha oshwa. Pale nyumbani petu alikuwa hatumwi na mtu, na nadhani jambo hilo lilimchosha kuliko kutumwa.

Lakini kwangu alikuwa laini. Alinisuka nywele, akanisimulia mto wa kwao Manyema, ambao aliukumbuka sauti tu, kwa kuwa alichukuliwa angali mdogo. Siku moja akinisuka, nilimwambia lile lililonikaa moyoni.

"Bibi, mimi nilikuchelewesha. Nilinunua shanga."

Vidole vyake vikasimama kichwani mwangu. Akauvuta ule uzi wa buluu taratibu, akaupitisha vidoleni punje kwa punje.

"Mutoto," akasema, "mimi sikujua kama kuna mutu ananingojea. Asiyejua anangojewa hacheleweshwi." Akaendelea kusuka.

Nilikuwa mdogo, nikafurahi kwamba nimesamehewa. Nilipokua ndipo maneno yale yaliponiuma.

Mvua zilipoanza, mtumbwi kutoka Ujiji ulileta habari. Binti wa bwana, ambaye bibi alimlea, amejifungua mtoto wake wa kwanza na ameshikwa na homa. Mtoto analia, mama hana maziwa. Aliyeleta habari alisema kwa kupita tu, kama mtu anavyosema bei ya mafuta. Bibi aliweka chini kisu alichokuwa akimenyea mihogo.

Kesho yake asubuhi alimfuata baba kwenye kinu cha mawese. Mimi na mama tulikuwa tukichambua chikichi. Alipiga magoti mbele yake.

"Bwana, naomba ruhusa niende Ujiji."

Baba aliacha mchi. "Mama, unaniita nani?"

Bibi akagutuka, akajiziba mdomo. Kisha akasema, "Mwanangu. Naomba ruhusa."

"Kwenda kufanya nini kule?"

"Yule musichana anakufa. Nilimunyonyesha mimi."

Baba akasema huyo si mwanawe, ana mama yake, ana baba yake mwenye watumwa wengine. Bibi alisikiliza mpaka mwisho, akitazama ardhi.

"Wewe ulikuwa safarini Manyema," akasema. "Nilizaa mwingine nyuma yako. Musichana. Alikaa siku tisa. Maziwa yakabaki, yananiuma kifua, ndiyo nikapewa huyu. Huyu ndiye aliyeniondolea yale maumivu. Kila nikimuangalia namuona wangu."

Baba hakuwa amejua kama alipata kuwa na ndugu. Alikaa juu ya gogo. Nilidhani atalia, lakini kilichotoka kilikuwa hasira. Akasema kwa sauti ambayo hatukuizoea, "Miaka minne! Miaka minne watoto wangu wamekula majani, wamevaa viraka, mke wangu ametia chumvi kwa matone, ili urudi kule kule?"

Mama aliinuka na mikono yake myekundu kwa mawese.

"Baba watoto, sisi usitutaje," akasema. "Hatukukosa kitu. Hawa hawakulala njaa hata siku moja. Waulize. Usimtwike mama yako deni ambalo hatumdai."

Baba akanitazama mimi. "Ni kweli?"

Nilimwambia ni kweli, nami sikuwa ninasema uongo. Nilimwambia majani tuliyapenda.

Mvua ilikuwa ikidondoka kwenye makuti ya banda. Kisha mama akasema polepole, "Tulimtafutia uhuru. Sasa anataka kuutumia, na wewe unamfanya apige magoti."

Baba alimwinua bibi kwa kumshika viwiko. Walitazamana, na kwa mara ya kwanza niliona jinsi walivyofanana, kope na kidevu. Akamwambia hatampa ruhusa, kwa sababu ruhusa si yake kutoa. Atampeleka.

Waliondoka siku ya tatu. Mama alimfungia bibi ndagala wazima, wale wa kuuza, na mtungi wa mafuta ya juu. Baba alimtia bibi ule mwanzi wenye cheti mkononi, akamwambia asimpe mtu yeyote, hata yeye. Bibi akauchomeka kifuani ndani ya kaniki. Akanishika kichwa, akasema atarudi mtoto wa yule binti akianza kukaa.

Baba alirudi peke yake. Alisema binti wa bwana bado yu hai, amekonda, na kwamba alipomwona bibi mlangoni alilia kama mtoto. Alisema bwana wa zamani alimpa kiti bibi, naye hakukikalia.

Masika ilipita. Mtoto yule wa Ujiji lazima alikuwa ameanza kukaa, labda hata kutambaa, siku wenye mitumbwi walipokuja na habari kwamba bibi hayupo tena duniani. Yule binti alikuwa amepona, wakasema, na homa ileile ikamchukua bibi. Walimzika kule, makaburini kwa watu huru, kwa kuwa walikuta cheti kifuani mwake. Wakamwuliza baba kama anataka kiletwe. Baba akasema kiachwe kule alipo bibi.

Tulisoma hitima. Majirani walikuja, hata wale waliotushangaa kwa kula mlangoni. Walipokwisha kwenda, mama alimwuliza baba kama anajuta.

Baba alifikiri sana. "Ningekuwa na mama mwingine kule," akasema, "kesho ningeanza tena kuweka rupia."

Hapo ndipo alipolia, mchana kweupe, ameketi mlangoni mbele ya wapita njia, mikono juu ya magoti, bila kujificha. Mama hakumwambia anyamaze. Alitutuma mimi na mdogo wangu tukachote maji, ingawa mitungi ilikuwa imejaa, nasi tukaenda, tukakaa ziwani mpaka tulipoona moshi wa jikoni kwetu umeanza kupanda.