Tepe za Kikapu cha Bibi

Mwezi uliopita nilikwenda Muyinga harusini, na nje ya ua nikakuta watoto wakigombania nani awe timu ya nani. Nilisimama pale, ndugu yangu, hadi pilau yangu ikapoa.

Sisi tulikulia Magarama, Gitega, na timu zetu zilitoka kwenye kikapu cha bibi. Alikuwa fundi cherehani. Mabaki ya vitambaa aliyakata tepe, nyekundu na buluu, na kila alasiri tulifumba macho tukachota. Utepe ulifungwa mkononi, kisha tukarushiana mpira wa matambara, anayepigwa anatoka. Adhana ya magharibi ikisikika, tepe zote zinarudi kikapuni, maana bibi alitaka timu ya leo iishie leo. Jirani akipika ndizi na maharage tulizunguka sinia moja, na vumbi letu na jasho letu.

Vita vilipokuja, watu waliokimbia kutoka Buraza walijaa mtaani, na wakubwa wakaanza kunong'onezana nani ni wa upande gani. Nasi tukaacha kurudisha tepe. Sisi wa buluu tulilala nazo mkononi. Mimi ndiye niliyekuwa kiongozi, na nilijiona mtu kweli.

Rafiki yangu, binti wa yule jirani, alikuwa wa nyekundu. Alasiri moja wenzake walizuiwa na wazazi kutoka nje, akaja kuomba acheze nasi. Jibu nililompa nililiokota kwa wakubwa.

"We haiko wa kwetu. Rudia kwenu."

Hakulia. Alifungua utepe wake, akauweka kwenye kizingiti chetu, akaondoka. Asubuhi mlango wao ulikuwa umefungwa. Tuliambiwa wamepitia Muyinga kwenda mpakani Kobero, wavuke kuingia Tanzania. Bibi alipojua hakunichapa, na heri angenichapa. Alinikabidhi ule utepe, akasema nitaurudisha mwenyewe.

Basi kila nikienda Muyinga ninaubeba, nawauliza waliorudi kutoka Tanzania. Hakuna anayemjua. Bibi amefariki, na kikapu sijui kiliishia wapi.

Pale harusini mtoto mmoja aliniuliza, "Mama, we iko timu gani?" Utepe ulikuwa mkobani, wekundu wake umefifia, ukiuona huwezi kujua ulikuwa wa timu gani. Mimi ninajua. Nilimwambia arudi kwao, na kwao palikuwa pale pale, ukuta mmoja na kwetu.