Rais Aliyejua Kuondoka

Mwenyekiti wetu wa zamani amefariki. Habari zilinifikia nikiwa ndani ya basi, nikirudi nyumbani Ladywood kutoka zamu ya hospitali, nikakaa na simu mkononi mpaka nikapitiliza kituo changu. Alikuwa Msomali aliyekulia Garissa, fundi wa mabehewa ya treni kule Tyseley hadi alipostaafu. Nilikwenda kwake Hodge Hill kutoa pole, nikajikuta nalia kuliko watoto wake, mpaka mjane akanibembeleza mimi badala ya mimi kumfariji yeye.

Msomaji wangu anajua kwamba mimi ni mwenyekiti wa chama cha wasemaji wa Kiswahili hapa Birmingham, kwani mwezi haupiti bila kumkumbusha. Kiti hicho nilikipokea kwa marehemu. Aliahidi kukaa muhula mmoja, na siku ilipofika akaanza kufunga vifungo vya koti. Tulimsihi, kama ilivyo desturi yetu: kiongozi husema anaondoka, watu humlilia, naye hubaki shingo upande. Huyu hakubaki. Nikaombwa nishike kiti kwa muda, na muda huo nimeunyoosha miaka nenda miaka rudi. Sitaficha kwa nini. Wodini naitwa jina langu moja kavu hata na vijana niliowafundisha kazi. Kwenye chama naitwa Mama Mwenyekiti, na watu husogea nipite.

Baada ya kila kikao marehemu alinirudisha nyumbani kwa gari lake, na njiani hakukosa kunisimulia habari za rais mmoja wa Marekani wa karne ya kumi na tisa. "Dada, yule bwana hakuwa maarufu hata kidogo," angeanza. "Akaahidi muhula mmoja tu. Akataka mambo manne: ushuru wa bidhaa upungue, hazina ya serikali itengwe na mabenki, ugomvi wa mpaka wa Oregon na Waingereza uishe, na California iwe yao. Akayapata yote manne, akaenda zake." Nami namjibu, "Na miezi mitatu baadaye akafa. Kumbe kuondoka kunaua, mzee." Anacheka. "Alikuwa amechoka, dada. Kila kazi alitaka aifanye mwenyewe." Nikimkumbusha kwamba bwana huyo alimiliki watumwa, na California aliipata kwa vita na Mexico, hakubisha. "Hayo simsifii. Namsifia alivyoujua mlango." Safari nyingine, hadithi ile ile. Nilidhani uzee umemwingia, maskini, anasahau kwamba ameshanisimulia, nikawa nammalizia mwisho ili asitaabike.

Jumapili iliyopita tulikutana ukumbini kumkumbuka. Nilizungumza kwa kirefu, ndio mtindo wangu, na uchungu uliponipanda nikatangaza kwamba kwa heshima yake nami nang'atuka. Kisha nikaweka leso machoni, nikisubiri kusihiwa. Nilikuwa nimepanga kukataa mara mbili kabla ya kulegea. Mama mmoja wa Kikongo akasema, "Aksanti mingi, maman. Umetumika sana," maana kwao kutumika ni kufanya kazi. Kijana wa Nairobi akadakia, "Nasekondi," yaani anaunga mkono. Wakapiga makofi, tena ya dhati. Kabla sijakunja leso, Mtanzania mmoja mpole alikuwa ameshachaguliwa na anauliza kama kuna mengineyo.

Nilitafuta pa kukaa. Palikuwa na nafasi moja tu, nyuma kabisa karibu na mlango, pale marehemu alipokuwa akikaa tangu alipoacha uongozi. Sikuwa nimewahi kukaa huko. Mwenyekiti mpya alisema maneno machache akafunga kikao, na mabibi wawili mbele yangu, wasiojua kwamba nimehamia nyuma yao, wakanong'onezana. "Alhamdulillahi, leo tutawahi basi." "Yule mwingine angekuwa bado kwenye salamu."

Kwa hiyo miaka yote ile mzee alikaa pale akiyasikia haya kila kikao. Angeweza kuniambia waziwazi, nami ningemnunia mpaka leo. Badala yake alinipakia garini, akawasha joto miguu yangu isipate baridi, akaanza upya kunisimulia habari za rais wake. Mwenye kukupenda hukwambia ukweli hata mara mia, na huvumilia usipousikia. Mimi nilidhani mzee anapenda historia.