Aliyeshika Shuka

Leo nimetundika shuka sebuleni ili niwapige picha wanangu, na harufu ya sabuni ya mche ikanirudisha utotoni, Kasulu. Baba alikuwa amenunua kamera, akageuza sebule yetu kuwa studio. Ukuta wa udongo haukushika misumari, kwa hiyo kila familia ilipokaa kupigwa picha, mama alisimama nyuma yake akiinua shuka. Hata siku yetu.

"Inua kidogo, mama, linajikunja," baba alisema.

"Na mimi utanipiga lini?"

"Wewe si upo kila siku?"

Siku ya kumzika mama, waombolezaji waliulizia picha ya kuweka juu ya jeneza. Baba akaleta ile ya familia. Juu ya vichwa vyetu vinaonekana vidole vya mama, vimeshika shuka.