Mapigo Nyuma ya Ukuta wa Mianzi

Mama yangu, Atuganile, alichoka kabla hajafika miaka thelathini, nami nasema hivyo bila kumwonea huruma, kwa sababu yeye mwenyewe hakuwa na muda wa kujihurumia. Mwaka 1955 alikuwa na watoto watatu, mimi nikiwa wa kwanza, na mume, Yotamu, aliyekuwa Kopabelti, kule Rodezia, akichimba shaba. Tulikaa milimani juu ya Tukuyu, kwa ukoo wa baba, katikati ya migomba na kahawa. Maji yalikuwa yake, kuni zake, palizi yake, na mtoto mgongoni asiyejua kulala. Usiku alinyonyesha. Asubuhi alikunywa chai ya rangi, nyeusi tititi, kikombe baada ya kikombe, maana ndiyo iliyomsimamisha wakati chakula alishawaachia watoto.

Masika ya mwaka ule moyo wake ukaanza kuruka. Alikuwa amejilaza, au ameinama anamenya ndizi, mara kifuani kunakuwa kimya, kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Kisha linakuja pigo moja zito mpaka kooni, na mengine yanafuata kama kawaida. Siku nyingine mara moja, siku nyingine mara ishirini. Kuna wakati ulikimbia wenyewe, yeye akiwa amekaa tu. Akashika tabia ya kuweka mkono kifuani na kungoja, na kadiri alivyongoja ndivyo ulivyozidi kuruka.

Angeweza kupuuza, kama alivyopuuza mgongo na meno. Lakini mwaka uliotangulia dada yake Rozalia alianguka shambani na jembe mkononi, hakuinuka tena. Watu walisema moyo ulisimama. Kwa hiyo Mama alitaka kujua jambo moja tu: je, naye anakwenda kama Rozalia? Kama ndivyo, basi atupeleke kwa bibi yetu, mama yake, kule Mwakaleli, wakati miguu bado inambeba. Hakutaka tubaki tunalia juu ya maiti kwenye migomba, na baba yuko ng'ambo ya mpaka.

Katika mlima wote ule mtu wa kumjibu alikuwa mmoja, naye alikuwa baba mkwe wake.

Mzee Andendekisye alikuwa dresa wa zahanati yetu ndogo. Alivaa kaptura ya kaki na soksi ndefu, alijua kufunga vidonda na kuchoma sindano, na ndiye pekee aliyekuwa na mpira wa kusikilizia moyo. Lakini kwetu Wanyakyusa mke wa mtu hamwoni baba mkwe wake, wala baba mkwe hamwoni yeye. Mwanamke haingii nyumba aliyomo mzee. Hatamki jina lake. Wakikutana njiani, mwanamke anajitupa porini na kuchutama, amempa mgongo, mpaka mzee apite. Ukristo ulikuja, mzee mwenyewe akawa mzee wa kanisa, na bado Mama alitoka kanisani kwa mlango wa pembeni kabla wimbo wa mwisho haujaisha. Miaka saba ya ndoa hakuwahi kuuona uso wake. Desturi hii inanichosha hata kuisimulia, lakini Mama aliishika kwa moyo mmoja, na mzee vilevile. Kwao ilikuwa heshima, basi.

Hospitali ya Tukuyu ilikuwepo, ndiyo. Nusu siku kwa miguu katika tope lile, na wala hakuna wa kumbeba akianguka.

Bibi Damari, mama mkwe wake, ndiye aliyegundua. Alimwona ameacha kisu juu ya ndizi, mkono kifuani, macho yametazama ukuta. Akambana mpaka akasema. Jioni ile Bibi akamfikishia mzee, kwamba mkwe wao moyo unasimama na kuwaka tena. Mzee akasema apelekwe Tukuyu. Bibi akamuuliza, apelekwe na nani.

Siku ya tatu, Jumamosi alasiri, alikuja na kigoda chake akakaa nje, nyuma ya nyumba yetu, uso ameelekeza kwenye migomba na mgongo kwenye ukuta wa mianzi. Ndani Mama alilala juu ya mkeka. Bibi alikaa katikati yao, kama naweza kusema hivyo, sufuria imefunikwa kifudifudi mbele yake na mwiko mkononi. Mzee alisema na Bibi tu. Mama alisikia kila neno kupitia mianzi, na Bibi akalirudia kila neno, kana kwamba Mama ni kiziwi au yuko Rodezia.

Maagizo yalikuwa rahisi. Bibi amshike Mama kifundo cha mkono, atafute mshipa, na kila ukigonga naye agonge sufuria. Mzee alitoa saa yake ya mfukoni.

Bibi akaanza. Ko, ko, ko, ko. Kisha kimya. Ko, lenye nguvu. Ko, ko, ko. Kimya tena. Mama aliniambia katika maisha yake yote hajasikia kitu kibaya kama ule ukimya juu ya sufuria. Siku zote aliuhisi peke yake. Sasa uliingia nyumbani, kila mtu anausikia. Akaanza kulia kimyakimya, akijua kwa hakika kwamba anakwenda kama Rozalia.

Nje mzee akauvua mpira shingoni, akauweka kizingitini, akarudi kwenye kigoda. Bibi akauchukua. Mzee akamwelekeza auweke chini ya ziwa la kushoto, na kila akisikia sauti mbili, nzito na nyepesi, agonge mara moja. Bibi hakuwahi kuutia kitu kile masikioni. Alikunja uso, akasikiliza, akagonga. Ko, ko, ko, ko. Na pale ambapo mshipa wa mkono ulikuwa umenyamaza, sasa mwiko haukunyamaza. Uligonga haraka, kidogo, kama umekosea: ko-ko. Kisha ukangoja. Kisha ko, zito.

“Rudia,” mzee akasema.

Bibi akarudia, mara tatu, nne. Kila mara vilevile. Mama alisikia mzee akipumua kwa nguvu upande wa pili.

“Mwambie haujasimama,” akasema. “Hata mara moja. Lile pigo linawahi zamu yake. Linakuja dogo, halifiki mkononi, ndiyo maana anaona kimya. Halafu moyo unangoja kidogo, unajaa damu, na pigo linalofuata linakuwa kubwa. Hilo ndilo linalomfika kooni.”

Kisha akauliza maswali yake. Amewahi kuzimia? Hapana. Akilala chali anakosa pumzi? Hapana. Miguu inavimba? Kifua kinabana akipanda mlima? Anachoka tu, Bibi akajibu, anachoka kupita kiasi. Mzee akamwambia avute chini kope za macho ya Mama atazame rangi ya ndani. Nyeupe, Bibi akasema, nyeupe kama maganda ya yai. Na anakunywa nini? Chai. Kiasi gani? Bibi akacheka kicheko kikavu, akamwambia.

Mzee akasema damu ni kidogo, usingizi ni mdogo, chai ni nyingi, na hofu inaongeza. Moyo wa namna hiyo unaruka, lakini si ule wa kumwangusha mtu. Yeye ni dresa tu. Siku akizimia au pumzi ikikatika, wasingoje, wambebe Tukuyu hata kwa machela. Atampa vidonge vya kuongeza damu. Chai apunguze, ale mboga na maharage, na apumzike.

Kwenye hilo neno la mwisho Bibi Damari alikasirika. Alitupa mwiko.

“Apumzike wapi, baba Yotamu? Unajua anapita wapi kwenda kisimani?”

Mzee hakujua. Angejuaje? Kazi ya mwanamke mwenye heshima ilikuwa kuhakikisha hajui. Bibi akamwambia. Njia iliyonyooka kutoka kwetu mpaka kisimani ilipita mbele ya zahanati, na ndiyo njia ya mzee, asubuhi, mchana na jioni. Basi Mama aliiacha. Alishuka korongo lote na kupanda upande wa pili, debe la maji kichwani, mtoto mgongoni, mara nne kwa siku, kwa miaka saba, asije akakutana naye. Alilipita korongo hilo hata akiwa na mimba ya miezi minane.

Mzee akachukua kigoda chake akaondoka bila kuaga. Bibi alidhani ameudhika.

Jumatatu yake watu wakamwona dresa, mtu wa miaka karibu sitini na goti bovu, anashuka korongoni na fimbo, amevaa soksi zake ndefu, anakwenda kazini. Mchana akarudi hukohuko. Watu wakasema uzee umemwingia. Bibi alipomuuliza anatafuta nini kwenye tope, alijibu akiwa ameinama anafungua viatu, na Bibi akaja kumwambia Mama jibu lile jikoni, huku wanamenya ndizi.

“Amesema njia ya juu ni yako kuanzia leo. Amesema, ‘Miaka saba nimemkanyaga kifuani yule mtoto wa watu, na hakuna aliyeniambia.’”

Mama aliweka kisu chini akalia mpaka Bibi akammalizia ndizi zake. Kisha akachukua debe akaenda kisimani kwa njia iliyonyooka, polepole, na moyo ukaruka mara mbili njiani, naye hakusimama kuusikiliza.