Lecture ya masaa matatu mfululizo: niliyoyaona Isiolo nikiwa msichana wa kengele

Ngaaa. Ngaaa.

Huo ni mlio wa ringi ya lori iliyoning'inia kwenye mgunga nje ya ukumbi wetu pale Wabera. Niliigonga kwa kipande cha nondo. Mpaka leo nikipita kwa fundi wa magari nikasikia chuma kinagongwa, miguu yangu inataka kukimbia kazini.

Salaam aleikum wakuu, na nyinyi wa habari, habari zenu.

Juzi kijana mmoja humu aliuliza kama lecture ya masaa matatu inaingia kichwani kweli. Wengi mlimcheka. Mimi sikucheka. Haya ninayoandika niliyaona kwa macho yangu, na pale nilipodanganya nitawaambia.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini. Nilikuwa nimeishia darasa la saba, kazi yangu kufagia ukumbi na kupiga kengele. Chuo kikuu kilikuwa kimetuletea darasa la Jumamosi, la watu wazima wenye kazi zao. Ukipita mtihani wa mwisho, unaweza kuingia chuo hata kama hukuona mlango wa sekondari.

Wakuu, hiyo "hata kama" ilinikaa kifuani.

Nilikaa benchi la nyuma na ufagio wangu, nikijiambia mwaka ujao najiandikisha. Nilikuwa tayari najiona nimevaa miwani. Sijui kwa nini miwani, macho yangu yalikuwa mazima.

Tutor alikuwa Mwalimu Mutwiri, mtu wa upande wa Meru, mpole lakini mkali wa saa. Kwa sababu ya umbali, masomo ya wiki nzima yaliwekwa siku moja. Saa nane mchana hadi saa kumi na moja, bila break. Timetable ilitoka hivyo Nairobi.

Saa ya kwanza watu wanaandika mpaka unasikia kalamu. Ya pili, si mbaya.

Ya tatu sasa. Mabati yanalia kwa joto, viti vinalia, mtu anaangalia dirisha kama mbuzi aliyefungwa. Adhana ya alasiri ikisikika, Waislamu wanatoka mmoja mmoja wakinyemelea, na wakirudi hawajui somo limefika wapi. Hata mimi, niliyekuwa na hamu kuliko wote, mguu wangu haukutulia.

Bwana Guyo, mwalimu wa shule ya msingi aliyemzidi tutor umri, alikuwa ananigeukia na kunong'ona, "Talaso binti yangu, hiyo saa yako imekufa? Gonga chuma kabla hawajanizika hapa."

Dada Rukia, nesi, anamjibu, "Mwache mtoto. Akigonga mapema utasema ni yeye alikuangusha mtihani."

Na mtihani wa majaribio ukawaangusha kweli, karibu wote.

Mwalimu Mutwiri aliweka zile karatasi mezani taratibu. "Hamsomi," akasema. "Zimebaki Jumamosi tatu. Zikienda hivi, nitawaandikia chuo darasa lifungwe. Kuna miji mingine inaliomba."

Mimi huko nyuma nilihisi ni jina langu limefutwa, na halikuwa hata limeandikwa.

Walipoondoka nilifagia huku machozi yananitoka. Chini ya madawati kulikuwa na karatasi za notes zilizochanwa, kama kawaida. Nilizoea kuzitia kwenye gunia ziwe za kuwashia jiko, bila kuziangalia.

Siku hiyo niliziangalia.

Juu ya ukurasa, jina la mwenyewe, halafu maandishi mazuri, yamenyooka. Mada ya nne ya siku hiyo, ya tano. Ikifika ya sita, ngamia.

Karatasi nyingine, ngamia. Nyingine, vikombe vya chai, na huyo nilijua ni Rukia kabla ya kusoma jina. Nikamwaga gunia lote la wiki zilizopita. Kila wiki maneno yanakatika karibu pale pale, mada ya sita ya siku, halafu wanyama wanaanza. Ngamia wa Bwana Guyo alikuwa na kengele ya mbao shingoni na ndama ananyonya, kitu kizuri mpaka nikacheka peke yangu.

Nilichukua wembe nikakata majina yote.

Jumamosi iliyofuata nilimpelekea Mwalimu Mutwiri zile karatasi kabla watu hawajaingia.

"Hii ni ya nani?"

"Sijui, mwalimu." Huo ndio uongo wenyewe, wakuu.

"Umekata majina."

"Ndio."

"Kwa nini?"

"Ni watu wazima, mwalimu. Wana watoto."

Akafunua moja moja. Nikajua kazi yangu imekwisha. Halafu akasema, "Mada ya sita. Hiyo ni saa ya tatu. Wote wananipotea hapa." Akaniangalia. "Na wewe? Karatasi yako iko wapi?"

"Mimi sina. Mimi ni wa kengele."

Akakuna kidevu, akanirudishia karatasi. "Basi leo adhana ikianza, gonga. Baada ya nusu saa, gonga tena."

Nikagonga. Wa kuswali wakaswali pamoja, wengine wakanyoosha miguu, nikawapikia chai. Waliporudi, Bwana Guyo alibishana na tutor juu ya mada ya sita mpaka Rukia akamvuta koti akae.

Mazoezi ya maswali, yaliyokuwa yanamalizia somo la Jumamosi, yakahamishiwa Jumatano ili ile nusu saa ipatikane, wakawa wanakutana wenyewe nyumbani kwa Rukia kule Chechelesi. Si wote walipita mwisho. Lakini darasa halikufungwa, na mwaka uliofuata nilijiandikisha. Nilianguka mara moja, ya pili nikapita. Miwani nilipata baadaye sana, kwa uzee.

Nilichojifunza ni kwamba kichwa kina kiasi chake kwa siku moja, na mtu akianza kuchora si lazima awe mvivu. Walimu wa vyuo mlio humu, mnaonaje? Na nyinyi wanafunzi, saa ya tatu huwa mnachora nini?

Kitu kimoja sikumwambia mtu.

Ile break ya kwanza, niliswali haraka nikarudi kwenye jiko. Moto ulikataa, nikauwasha kwa zile karatasi, moja baada ya nyingine. Nilipofika kwa ngamia wa Bwana Guyo nikasita. Nikaigeuza karatasi. Nyuma ilikuwa nyeupe.

Nikachukua kalamu iliyoachwa dirishani, nikaandika jina langu juu, na chini yake: Mada ya sita.