Aliyeanzisha Wimbo

Kwa miaka miwili na nusu Clifford Birtwell aliandika kitabu kuhusu jinsi klabu ya Ormsden Albion ilivyouawa. Muda wote huo kulikuwa na ukurasa mmoja aliokuwa akiupita upesi, kama tarishi apitavyo mbele ya nyumba yenye mbwa.

Mbwa aliwajua. Alikuwa tarishi wa posta kwa miaka thelathini na mmoja, na hakuna mlango wa Ormsden ambao hakuwahi kuugonga. Katika nyumba nyingi za mji ule, ukifunguliwa mlango, kitu cha kwanza ukionacho ukutani kando ya kioo ni karatasi ya kahawia ndani ya fremu. Ni hisa moja ya Albion, aliyoinunua babu wa nyumba mwaka ule wafanyakazi wa viwanda vya pamba walipoujenga ukuta wa uwanja kwa mikono yao baada ya zamu. Hisa hiyo haikumletea mtu faida yoyote. Ilimpa haki ya kuinua mkono mara moja kwa mwaka kwenye mkutano wa klabu, basi.

Clifford naye alikuwa na ya babu yake. Lakini kilichompa jina mjini kilikuwa sauti. Utotoni aliimba kanisani, na alipokua sauti ile akaihamishia uwanjani Weir Lane, kwenye jukwaa la kusimama lililo upande wa mto. Kwenye jukwaa la kusimama wimbo hauanzi wenyewe. Watu elfu mbili husimama na nyimbo zao kooni wakimngoja mtu mmoja, na mtu huyo asipofungua kinywa huondoka nazo nyumbani. Weir Lane mtu huyo alikuwa Clifford. Timu ikifungwa tatu, yeye alianzisha. Mvua ikinyesha mpaka mstari wa kati usionekane, yeye alianzisha. Alikuwa mtu mkimya siku sita za wiki, na Jumamosi saa tisa alasiri alikuwa kinywa cha watu.

Nyuma ya jukwaa hilo kulikuwa na kibanda cha chai, na ndani ya kibanda alikuwamo Bi Enid Hargreave, aliyeuza chai na pai za nyama tangu Clifford hajafikia ukingo wa kaunta. Mumewe, Walter, alikuwa mtunza nyasi wa uwanja. Walter alipofariki, mwili wake ulichomwa kama alivyousia, na majivu yake yakamwagwa kwenye lango la upande wa mto, mahali alipokuwa akipanda nyasi upya kila kiangazi, nazo zikikanyagwa na makipa kila baridi. Hakuwa wa kwanza kufanyiwa hivyo wala wa mwisho. Wazee wa Ormsden walikuwa wakisema kwamba kipa wa Albion akianguka pale huwa anaangukia ukoo mzima. Baada ya kila mechi Bi Enid alizima birika lake, akaenda kusimama nyuma ya wavu kwa dakika moja, halafu akarudi kuosha vikombe.

Ndipo akaja Desmond Lacey. Alikuwa mfanyabiashara wa madirisha, mtu wa tabasamu na koti refu, na alikuja msimu ambao Albion ilikuwa ya pili kutoka mkiani. Akawa mwenyekiti wa klabu, akanunua mshambuliaji. Mshambuliaji akafunga mabao tisa kabla ya Krismasi. Jumamosi moja Desmond alitoka kwenye viti vya wakubwa akaja kusimama na watu kwenye jukwaa la mto, akila pai kwa mkono, na Clifford, akiwa amebanwa bega kwa bega na mwenyekiti wa klabu, akajikuta anaimba kitu ambacho hakikuwapo duniani dakika moja kabla. Alikiweka kwenye sauti ya wimbo wa kanisani unaoimbwa mazikoni, kwa sababu huo kila mtu aliujua:

*Wote wametuacha sisi,*
*Desmond hatatuacha.*

Hiyo tu, mara nne, polepole, na mara ya nne kwa nguvu. Jukwaa zima likaipokea. Inasemekana Desmond alitokwa na machozi. Kufikia Pasaka hata watoto wa shule walikuwa wakiiimba barabarani, na Clifford akipita na mfuko wake wa barua watu walimpungia mikono.

Mkutano ulifanyika mwezi wa sita, kwenye ukumbi wa kanisa. Desmond alileta mfano wa uwanja mpya ndani ya sanduku la kioo, una paa pande zote nne na maegesho ya magari, na ndani yake vijitu vidogo kama punje za mchele vilivyopakwa rangi. Clifford alikipata kimoja chenye skafu ya bluu, akamwonyesha rafiki yake Norman Tattersall. Norman akasema kinafanana naye kwa kila kitu, ila hicho kimenyoosha mgongo. Desmond akaeleza kwamba uwanja mpya utajengwa kando ya barabara kuu, na kwamba ili mambo yaende upesi uwanja wa zamani utolewe kwenye jina la klabu uwekwe kwenye jina la kampuni yake. Akaomba mikono.

Hapo akasimama Bi Enid. Alikuwa amevaa koti lake la kanisani na alishikilia kiti cha mbele kwa mikono miwili. Hakuwa amezoea kusema mbele za watu.

"Samahani," alisema. "Walter yuko pale golini. Nataka kujua tu, tukishainua mikono, ile ardhi itakuwa ya nani?"

Ukumbi ulinyamaza. Desmond alifungua kinywa akakifunga. Kimya kile kilikuwa kirefu kiasi kwamba watu walianza kuangaliana, na Clifford, ambaye maisha yake yote alikuwa amefundishwa na jukwaa kwamba kimya ni kushindwa, akafanya kile alichokuwa akifanya kila kimya kilipoingia. Akaanzisha. *Wote wametuacha sisi.* Watu mia tatu wakaitikia wakicheka, kwa nafuu. Bi Enid alibaki amesimama mpaka mara ya pili. Mara ya tatu aliketi. Ya nne ilipokwisha mikono ilikuwa juu.

Yaliyofuata yalimjazia Clifford kurasa mia mbili. Uwanja mpya haukujengwa. Wa zamani uliuzwa, ukabomolewa, na supamaketi ikafunguliwa juu yake. Albion ilicheza misimu miwili kwenye uwanja wa kukodi wa mji mwingine mbele ya watu mia na kidogo, halafu ikafa siku ya Jumanne, kwa tangazo fupi. Desmond Lacey alihamia mahali penye jua. Kibanda cha chai kilipakiwa kwenye lori pamoja na vyuma chakavu.

Clifford alistaafu, mkewe akafariki, na akaanza kuandika kwenye meza ya jikoni. Aliandika kama alivyopeleka barua, nyumba kwa nyumba bila kuruka. Aliwataja wakurugenzi, mawakili, diwani, hata fundi aliyeng'oa viti. Binti yake, Gillian, ambaye wakati wa mkutano ule alikuwa mbali chuoni, alikuwa akiichapa kazi hiyo kwenye kompyuta kila Jumapili. Alipofika ukurasa wa tisini na moja alisimamisha vidole.

Sentensi yenyewe ilikuwa hivi: *Swali kuhusu umiliki wa ardhi liliulizwa, lakini kwa sababu ya kelele ukumbini halikupata jibu.*

"Baba, kelele za nani?"

"Za watu."

"Watu gani? Humu ndani kila mtu ana jina."

"Ukumbi ulijaa, Gill. We chapa tu."

Gillian alichapa. Lakini Clifford alimwona akimtazama kidogo kabla ya kurudisha macho kwenye kioo.

Kitabu kilipokaribia kwenda kwa mchapaji, Clifford aliona ni haki ampelekee Bi Enid kurasa zinazomhusu Walter, apate ruhusa yake. Hivyo ndivyo alivyojieleza. Ukweli ni kwamba alitumaini mama yule atasoma, atasema ni vizuri, na jambo litakuwa limekwisha bila kusemwa. Bi Enid alikuwa na miaka themanini na nne. Alisoma kwa kioo cha kukuzia, mstari kwa mstari, huku chai ya Clifford ikipoa.

"Walter umemwandika vizuri," alisema. "Ile ya kumfukuza refa kwenye nyasi ni kweli kabisa." Akageuza karatasi. "Hapa umekosea."

Clifford hakuhitaji kuuliza wapi.

"Umeandika kelele. Haikuwa kelele, Cliff. Ulikuwa wimbo. Kelele ningeipigia kelele, nimeishi na Walter miaka arobaini. Wimbo utaufanya nini? Ukiongea wenzako wanaimba, mwehu ni wewe."

"Bi Enid, mimi sikukusudia…"

"Sijakuuliza ulikusudia nini. Sauti yako naijua toka unanunua nusu kikombe." Aliziweka karatasi sawa, akamrudishia. "Nilikaa chini, unaona. Hilo ndilo. Wangenifukuza ningetoka nimesimama. Lakini nilikaa mwenyewe."

Clifford akamuuliza anataka yeye aandike nini. Bi Enid akajibu kwamba yeye haandiki vitabu, yeye alikuwa muuza chai, kisha akamwambia anywe ile iliyo mbele yake kwani hatamchemshia nyingine.

Clifford alirudi nyumbani kwa miguu na kukaa na ule ukurasa siku tatu. Aliandika maelezo marefu: jinsi matokeo yalivyokuwa mazuri mwaka ule, jinsi kila mtu alivyomwamini Desmond, jinsi kura ingepita vyovyote vile. Akayasoma na kusikia ndani yake wimbo uleule, umebadilishwa maneno tu. Akayafuta. Siku ya nne alimpa Gillian karatasi ndogo, akaenda kusimama dirishani wakati binti akiisoma.

*Enid Hargreave aliuliza ardhi itakuwa ya nani. Mimi, Clifford Birtwell, nilianza kuimba ili asisikike. Alikaa chini. Hakuna aliyeuliza tena.*

Gillian aliichapa, halafu akamwuliza baba yake kama amekula.

Norman alipoisoma alikasirika. Alimwambia Clifford kwamba amejichongea, na tena amewachongea wote, maana waliimba watu mia tatu.

"Nimetaja jina langu tu."

"Kila aliyekuwepo atajisoma mwenyewe pale."

"Basi ajisome."

"Ungesema angalau kwamba uliimba vibaya," Norman akasema, na hakucheka, naye Norman si mtu wa kuuacha mzaha wake upite bila kuuchekea.

Kitabu kilizinduliwa kwenye ukumbi uleule wa kanisa. Walikuja watu wapatao themanini, wengine na skafu za bluu zilizofifia. Clifford hakuwasomea habari ya mawakili waliyoingoja. Aliwasomea ukurasa wa tisini na moja, akafunga kitabu. Hakuna aliyepiga makofi. Wengi walitazama sakafu, na baadhi walimtazama yeye, kwa mazoea ya miaka mingi, wakingoja awatoe kwenye kimya kile. Alikiacha kikae. Jikoni birika lilikuwa likichemka, na mtu fulani hatimaye akaenda kulizima. Bi Enid hakuja.

Kesho yake, Jumamosi, Clifford alimpelekea nakala. Alimkuta mlangoni, keshavaa koti na kofia, anafunga kifungo cha juu. Akampa. Bi Enid akatazama jalada, akakitia kwenye mkoba pamoja na mwavuli.

"Nitakisoma," alisema. "Zaidi ya hapo sikuahidi."

Clifford akauliza anakwenda wapi kwenye manyunyu yale. Akaambiwa supamaketi. Akajitolea kumbebea vitu. Akajibiwa kwamba hakuna vitu. Yeye huenda pale kila baada ya wiki mbili, Jumamosi, kama ratiba ya mechi za nyumbani ilivyokuwa, na kama Cliff anataka kuja aje, ila asimharakishe.

Miaka yote ile Clifford hakuwahi kulijua hilo.

Kwenye maegesho, nyuma ya mahali wanapopanga vitoroli, palibaki kipande cha ule ukuta wa wafanyakazi wa pamba, kama hatua kumi hivi, hakuna ajuaye kwa nini hakikubomolewa. Bi Enid aliuweka mkono wake pale. Kisha akageuka, akatembea akihesabu kwa midomo bila sauti, akapinda kushoto kwenye nguzo ya taa, akaenda tena, na kusimama mbele ya gari jekundu.

"Hapo chini," alisema. "Lango lilikuwa hapo. Mara nyingi nakuta mtu ameegesha. Nangoja."

Wakangoja. Manyunyu yaliendelea. Clifford alishika mwavuli juu ya kofia ya mama yule, na kila neno lililomjia alilirudisha chini. Baada ya robo saa alikuja mwanamke na mifuko yake, akaipakia, akaondoa gari. Nafasi ikabaki, mstatili wa lami kavu uliokuwa ukilowa taratibu kuanzia pembeni.

Bi Enid aliinua mguu ili aingie. Kabla hajafika, gari jingine lilikuwa limekwisha kupinda, taa yake ya pembeni ikimulikamulika. Clifford akampa mama mwavuli, akaingia kwenye ile nafasi, akasimama katikati.

Dereva alishusha kioo. "Mzee, sogea basi, naingia hapo."

Clifford hakusogea. Mvua ilimwingia shingoni.

"Hapa pana mtu," alisema.

Dereva akatazama lami tupu, akamtazama yeye, akapiga honi, ndefu. Clifford alibaki pale huku Bi Enid akija taratibu kando yake, na ile honi ikilia, mpaka mama akafika.